Namna ninavyotunza kwato za punda wangu hapa Amu

Nina punda wanne. Wawili hubeba mawe na mchanga kutoka gatini, mmoja hubeba magunia ya dukani, na wa nne, Mstahiki, ni mzee aliyestaafu ambaye kazi yake siku hizi ni kula na kuudhi majirani. Haipiti wiki ila kijana mmoja huja barazani kuniuliza, "Ami, punda wangu anachechemea, nimpake nini?" Nami humrudishia swali: mara ya mwisho ulimwinua mguu lini ukautazama chini? Hapo huanza kutazama viatu vyake mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya kijana huyo, na kwa yeyote aliyenunua punda wake wa kwanza, akajua bei ya punda na bei ya shogi, yaani makapu ya mzigo ya mgongoni, lakini unyayo wa punda hajauona hata siku moja. Nasema mambo ya hapa Lamu, mji ambao wenyewe twauita Amu, ambako katika vichochoro vya mji mzigo hupita kwa punda, kwa mkokoteni wa mkono au kwa kichwa cha mtu. Ukiwa Limuru au Mwea na punda wako anavuta mkokoteni, utabadilisha machache. Ukwato ni uleule.

Mimi nilianza vibaya. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokwisha, mji ulikuwa umejaa kuta zilizoanguka na kila mtu alitaka saruji. Nilikuwa na punda jike mmoja, Zabibu, nami nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Asubuhi moja nikamwona anakanyaga mguu wa nyuma wa kulia kwa hatua fupi kidogo. Niliona, siwezi kusema sikuona. Lakini fundi alikuwa anangoja juu, mtaa wa Langoni, na ule msemo wetu wa punda afe mzigo ufike nilikuwa nausema kwa kucheka kama wengine. Siku ya tatu Zabibu akakataa kabisa kuuweka mguu chini. Nikauinua, nikakuta msumari wa bati umezama, kichwa chake kimekatika. Nikauchomoa kwa koleo, nikamwagia mafuta ya taa, nikajiona daktari.

Baada ya siku kama kumi taya lake halikufunguka. Masikio yalisimama wima, mkia ukanyanyuka, na ngozi nyeupe ikatoka pembeni mwa jicho ikalifunika nusu. Mzee mmoja jirani alimtazama mara moja akasema, "Mwanangu, hii ni pepopunda." Neno lile nilikuwa nalijua tangu utoto, ugonjwa wa watu waliochomwa na misumari yenye kutu, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini lina punda ndani yake. Zabibu alikufa usiku wa pili.

Tangu siku hiyo nilijua kwamba punda hakwambii. Farasi akiumia mwili wake wote husema, atatoka jasho, atahangaika, ataligaragaza zizi zima. Punda hujikaza, na ukiona anachechemea waziwazi basi jambo lenyewe lina siku kadhaa. Kwa hiyo usingoje akuonyeshe. Mtafutie ugonjwa kila siku, kwa mkono, kwa pua na kwa sikio.

Kwanza akubali kuinuliwa mguu

Punda asiyekubali kuinuliwa mguu huwezi kumsafisha, huwezi kumpunguza kwato, na siku ya msumari utahitaji wanaume watano na kamba. Kwa hiyo mafunzo haya hutangulia shogi na hutangulia mzigo. Mtoto wa punda aanze akiwa na wiki chache tu. Mkubwa uliyemnunua, ambaye hujui alipigwa wapi na nani, mpe wiki mbili au tatu.

Chagua mahali anapopajua, penye kivuli, na mwenzake asimame karibu aonekane. Punda aliyetengwa na rafiki yake hasikii lolote unalomfundisha. Usimfunge kwa kamba fupi. Mtu mmoja ashike kamba ya hatamu ikiwa imelegea, na asiizungushe mkononi hata mara moja. Kidole cha jirani yangu kiliachwa gatini kwa sababu ya mzunguko mmoja. Mimi humsimamisha ubavu wake mmoja ukiwa karibu na ukuta, ili asiwe na pa kuzungukia, nami hukaa upande wa wazi. Kati ya punda na ukuta hapakai mtu.

Simama begani mwake, uso wako ukielekea mkiani. Weka kiganja begani na usifanye kitu. Ngoja mpaka ashushe kichwa au apumue kwa nguvu puani. Hapo teremsha mkono polepole, bega, nyuma ya goti, mpaka kwenye kifundo, kisha urudi juu. Usiinue. Siku ya kwanza ni hilo tu, pengine ya pili na ya tatu pia. Siku atakayokuachia ufike chini bila kuvuta mguu, bana kidogo nyuma juu ya kifundo na useme neno moja, lilelile kila siku. Langu ni "mguu", sina ubunifu. Atahamisha uzito, ukwato utalegea. Uinue vidole viwili tu kutoka ardhini, hesabu mpaka tatu, kisha uushushe wewe mwenyewe. Usiuachie udondoke, maana siku ya pili atakuwa anaogopa ule mdondoko.

Akivuta, fuatana naye. Mkono uende mbele na nyuma pamoja na mguu, usishindane naye nguvu na usiuachie wakati anavuta. Uachie pale anapotulia. Hapo ndipo anapojifunza kwamba utulivu ndio unaomrudishia mguu wake. Ukiuachia wakati anapiga, umemfundisha kupiga, na atakuwa mwanafunzi hodari.

Miguu ya nyuma ina adabu yake. Pitisha kiganja mgongoni mpaka kwenye nyonga bila kukiondoa, ajue ulipo, na usimame karibu sana, paja lako likigusa lake. Watu huogopa kukaribia wakasimama hatua moja nyuma, na hatua moja ndipo teke lina nguvu zote. Ukimgusa, teke halina nafasi ya kukua. Jua pia kwamba punda hurusha mguu wa nyuma kwenda mbele na kando, si nyuma tu. Kwa yule mkali kabisa ninayo glavu kuukuu niliyoijaza matambara nikaifunga kwenye ncha ya fimbo. Kwa mkono huo wa bandia humsugua miguu nikiwa mbali mpaka achoke kuupiga. Hiyo ndiyo kazi pekee ya fimbo kwangu.

Usiuinue mguu juu kama wafanyavyo watu wa farasi. Punda ni mfupi, na mzee huumwa nyonga. Weka mguu chini ya tumbo lake, usiuvutie kando, na uiname wewe. Mgongo utakuuma. Akikaa vizuri mkune kwenye manyoya ya shingoni au mpe ganda la ndizi, kisha umwache. Dakika tano kila siku zinatosha, tena ni bora kuliko saa moja ya Ijumaa.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: punda akishtuka, husimama. Farasi hukimbia kwanza akafikiri baadaye, punda anataka kufikiri kwanza. Anaposimama mbele ya mfereji au bodaboda na kugoma, huyo anapima. Ukimchapa wakati ule hajifunzi kwamba mfereji ni salama, anajifunza kwamba kwenye mifereji kuna kipigo. Mpe nusu dakika, pita wewe mbele, au mtangulize punda mzoefu. Wanaosema fadhila ya punda ni mateke ningependa siku moja niwaone wanavyomshika mguu.

Ukaguzi wa kila jioni

Baada ya Alasiri, wakishashusha mzigo na kunywa maji, huwakagua mmoja mmoja. Chombo changu ni msumari wa inchi sita ambao fundi wa chuma aliupinda ncha, akaifanya butu, nami nikazungushia mpira wa baiskeli pa kushikia. Bisibisi yenye ncha kali isikaribie ukwato.

Ukiinua unyayo utaona ukuta mgumu umezunguka kama ukingo wa kikombe, na katikati kuna nyama ngumu kama mpira, yenye pembe tatu, ncha yake ikielekea mbele. Mimi huiita ulimi. Kando ya ulimi kuna mifereji miwili, na karibu uchafu wote wa dunia huishia humo: kokoto, vipande vya kome, vigae, chupa. Chokonoa kutoka kisiginoni kwenda mbele, ukifuata mifereji, usiuchome ulimi. Kisha piga brashi kavu utazame. Kati ya ukuta na unyayo kuna mstari mwembamba wenye rangi iliyopauka. Doa jeusi kwenye mstari huo lichunguze, linaweza kuwa mchanga tu, linaweza kuwa tundu linalopanda juu.

Halafu nusa. Najua, watu hucheka. Ukwato mzima hunuka vumbi na pembe. Ukisikia harufu kama matope ya mkoko maji yanapotoka, pana kitu kinaoza, hata kama macho hayajaona.

Mkono nao una kazi yake, lakini asubuhi, kabla jua halijapiga njia, kwa sababu mchana kwato zote huwa na joto la mawe. Weka kiganja juu ya ukwato mmoja mpaka mwingine, zote nne. Ukwato mmoja ukiwa moto kuliko mitatu iliyobaki, usimpakie siku hiyo. Kisha vidole viwili nyuma ya kifundo, kwenye mshipa wa pembeni, ubonyeze kidogo tu. Kwa punda mzima pigo hulipati kwa urahisi, utalitafuta. Ndani ya ukwato pakiwa na moto, pigo lenyewe hukutafuta wewe, linagonga kama mtu mlangoni.

Na sikio. Nyumba yangu iko kwenye kichochoro cha mawe, na alfajiri wenye punda huanza kushuka gatini. Punda akitembea kawaida hutoa milio minne, mmoja baada ya mwingine, nafasi sawa. Nikiwa bado kitandani husikia mlio mmoja mwepesi, kama kwamba mguu mmoja unakanyaga zulia. Nimewahi kutoka na kikoi nikamsimamisha kijana wa watu na kumwambia mguu wa mbele wa kushoto una kasoro. Aliniona mchawi. Ni mazoea tu, na kichochoro kizuri.

Maji ya chumvi, mavi na mafuta ya sifa

Asili ya punda ni nchi kavu za Pembe ya Afrika, na ndugu zake wa mwituni bado wako huko, Eritrea na Ethiopia. Ukwato wake uliumbiwa mawe makavu, nao hunywa maji kuliko ukwato wa farasi. Sisi je? Jahazi la mawe likitoka kisiwa cha Manda, maji yakiwa yametoka, tunamsimamisha punda kwenye tope na maji ya bahari nusu saa nzima huku tunampakia. Kisha anapanda mji kwenye mawe makali. Ukwato ulioloa hulainika, kokoto hujipenyeza kwenye ule mstari, na uozo huingia nyuma yake.

Bahari huwezi kuiondoa. Unachoweza ni kumpa punda mahali pakavu pa kusimama baadaye. Mimi nina pembe moja ya ua niliyoimwagia vigae vya matumbawe na mchanga mkavu, na mavi huzoa kila siku. Punda anayelala juu ya mavi na mkojo wake ana hali mbaya kuliko yule wa jahazi, na hao ndio ninaowaona wengi.

Mifereji ikiwa na ute mweusi unaonuka, chokonoa vizuri, sugua kwa brashi na maji ya chumvi, kausha kwa kitambaa mpaka ikauke kwelikweli, kisha paka ayodini. Rudia kila siku kwa wiki. Wazee walitumia mrututu, ile chumvi ya shaba ya samawati, na mrututu unafanya kazi, ila maji yake yawe ya samawati hafifu tu, mikono iwe na glavu, na ukiona damu au nyama nyekundu usiuguse hapo kabisa. Unachoma.

Sifa je? Wapo wanaopaka kwato mafuta ya sifa, yale ya papa, kama ubao wa chombo, na wengine oili chafu ya injini. Kwa jahazi sawa, ubao umekufa na kazi yake ni kuzuia maji. Ukwato ulio na uozo ukiuziba kwa mafuta, umeufungia mwizi ndani ya nyumba, maana vijidudu hivyo hustawi pasipo hewa. Oili ya injini zaidi ya hapo huunguza ngozi juu ya ukwato. Na ufa haukalafatiwi. Nimewahi kuona ufa uliojazwa pamba na lami, kazi safi kabisa ya fundi wa vyombo, na punda akazidi kuumwa. Ufa huondoka kwa kukua kuelekea chini. Kazi yako ni kupiga tupa ukingo wa chini pale ufa ulipo, usigonge ardhi ukazidi kupasuka.

Kupunguza

Ukwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na kutoka kwenye nywele mpaka ncha ya mbele huchukua karibu mwaka mzima. Punda wa mji anayekanyaga mawe kutwa hujipunguza mwenyewe, tena wakati mwingine kupita kiasi. Wa kijiji cha Shela anayetembea mchangani hajipunguzi. Wala Mstahiki, ambaye hatembei ila akisikia ndoo. Yeye humpunguza kila wiki sita hadi nane, wengine huwatazama kwa muda huohuo nikapitisha tupa panapohitajika.

Kisu na koleo ni vya mtu aliyefundishwa kwa mkono, akasimama pembeni ya anayejua. Siwezi kukufundisha kwa maandishi na sitajaribu. Tupa pana ya mbao unaweza kuanza nayo, kidogo kidogo. Tazama punda akiwa amesimama mahali sawa. Ukiwa ubavuni, mstari wa mbele wa ukwato uendeleze mstari wa mfupa ulio juu yake, usivunjike katikati. Ukiwa mbele, pande mbili za ukwato ziwe na kimo kimoja. Ukiwa umeinua, ukuta uzidi unyayo kidogo tu. Bonyeza unyayo kwa kidole gumba: ukibonyea, au ukionekana wa waridi, simama, hapo umefika.

Binamu yangu ni saisi kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, Nairobi, na alipokuja likizo alitaka kunifundisha. Farasi wake huvaa viatu vya chuma na mhunzi huwarudia kila baada ya wiki chache. Alipomshika Mstahiki akasema kisigino kimezidi, kikatwe. Nikamzuia. Ukwato wa farasi ni wa duara na umelala, wa punda ni mwembamba na umesimama wima. Ukimlaza punda kama farasi unamvuta mishipa ya nyuma ya mguu. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Kwato zilizoachwa mpaka zikapinda juu kama omo la jahazi usizirudishe kwa siku moja. Mifupa na mishipa imeshazoea upotovu ule. Punguza kidogo kila wiki tatu au nne, kwa miezi. Na panga liache jikoni, na patasi kwa seremala. Mwenye punda akiniambia amemkata kwato kwa nyundo na patasi juu ya gogo, huwa sitaki kujua mengine.

Akichechemea

Mtoe njia ngumu iliyo sawa, mtu amwongoze kwa kamba iliyolegea, hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi. Mguu wa mbele ukiwa mbovu, kichwa hupanda pale mguu huo unapokanyaga na hushuka mzima unapokanyaga. Wa nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga: upande mbovu hupanda na kushuka kuliko mwenzake. Kisha anza na ukwato, hata kama una hakika ni bega. Watu wanapenda kusema "bega limechomoka". Mara nyingi bega halina kosa, jiwe liko chini.

Punda aliyekuwa mzima jana na leo anagusa ardhi kwa ncha tu, ukwato moto, pigo la kifundo linagonga, huyo pengine ana usaha ndani. Usaha umefungiwa kati ya ukuta na nyama, hauna pa kwenda. Usichimbe. Mtaalamu atapata mahali na kutoboa tundu dogo, na punda wengi hupata nafuu usaha ukishatoka. Kazi yako huja baadaye: maji ya vuguvugu yenye chumvi, robo saa, mara mbili kwa siku, kausha, pamba safi, kitambaa, na juu yake kiatu. Kiatu changu ni kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nakikunja chini kama mfuko na kukifunga juu ya ukwato, kamba isibane ngozi yenye nywele. Badilisha kila siku. Kiatu kilichoachwa siku tatu ni jiko la kuozeshea.

Msumari ukiuona umo, usifanye nilivyofanya mimi. Msimamishe palepale. Kama daktari yupo karibu, uache, zungushia matambara na vibao pembeni usizidi kuzama, umwite. Kama huna budi kuuchomoa, tia alama mahali ulipoingia, tazama umeelekea wapi na umezama kiasi gani, na uuhifadhi umwonyeshe. Kisha sindano ya pepopunda, siku hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo na punda anatembea. Hapa kwetu hakuna udhuru: kliniki ya Donkey Sanctuary iko Lamu tangu mwaka 1987 na hutibu bila malipo.

Lipo na jingine ambalo halitoki njiani, linatoka jikoni. Miaka michache iliyopita palikuwa na harusi mtaani, na watu kwa huruma wakampa Mstahiki mabaki: wali ndoo nzima, mikate, na usiku akajifungulia mwenyewe gunia la mahindi. Baada ya siku mbili nilimkuta amesimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, kama mtu anayesukuma ukuta kwa mgongo. Kwato zote mbili za mbele zilikuwa moto. Wanga mwingi hivyo huharibu tumbo, na sumu yake hufika kwenye kwato. Nyuzi zinazoushikilia mfupa kwenye ukuta huvimba, na zikiachia, mfupa hushuka ndani ya ukwato. Hiyo ni dharura. Ondoa nafaka yote, mpe majani makavu tu, msimamishe kwenye mchanga mwingi laini, kwato zake ziwe ndani ya maji baridi saa nyingi iwezekanavyo siku mbili za mwanzo, na daktari aje. Usimtembeze. Usimnyime chakula kabisa pia: punda asiyekula, hasa mnene, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu, na hayo humuua kabla ya miguu. Mstahiki alipona, lakini pete za harusi ile zilionekana kwenye kwato zake mwaka mzima, zikishuka taratibu, pana kisiginoni na nyembamba mbele.

Kuhusu mzigo sina mengi. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na kwa punda wetu wadogo huo mmoja unatosha. Uzito ulingane pande zote mbili, kwa sababu shogi lililoelemea upande mmoja utaliona chini pia, ukwato umelika upande. Na punda asiyetimiza miaka minne simpakii, waseme watakavyo.

Siku ukimpeleka mgonjwa kliniki, mchukue na rafiki yake. Akiwa peke yake atagoma njiani, atasimama amekaza mwili, na daktari hatajua ni maumivu au ni upweke. Wangu wote husindikizwa na Mstahiki. Hana anachofanya kule, husimama tu kivulini na kutafuna kamba ya mtu, na wahudumu wameshamzoea, wakimwona anaingia huuliza, "Leo umeleta nani?"